Prado isiyotakiwa kung'aa: uchambuzi wa kisa cha gari zuri lililoachwa lipauke

Usuli

Kazi yetu ni mwonekano wa magari. Tunaosha kwa utaratibu, tunapiga polishi, tunasafisha ndani, tunarudisha taa zilizogeuka njano na kupaka kinga juu ya rangi. Hatunyooshi bodi wala hatupaki rangi upya. Hayo ni ya mafundi rangi. Tuko Dar es Salaam, watu wanne, na magari mengi tunayopokea ni yaleyale yanayojaza barabara za mji huu: yametumika Japani miaka kadhaa, yakashushwa bandarini, yakaanza maisha ya pili juani.

Kisa hiki ni cha Prado moja nyeusi na mwenyewe, mfanyabiashara wa Kariakoo wa miaka hamsini na kitu. Nitamwita Mzee, na mwanawe nitamwita Kijana. Nimebadilisha bidhaa anazouza, siku, na mambo mawili matatu ambayo mtu wa soko angeyatambua. Gari sikulibadilisha. Prado nyeusi Dar ni nyingi mno kumtambulisha mtu.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi hii, na pia kwa yeyote aliyewahi kupita karibu na gari la maana limeganda vumbi, klia (lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloikinga rangi) inabanduka, taa njano, akajiuliza: mtu alitoa fedha yote ile ili iweje? Jibu la haraka la gereji ni kwamba mwenyewe mvivu, au gari limemshinda. Nami nilikuwa na jibu hilohilo mpaka wiki ile.

Gari lilivyofika

Kijana alilileta Jumanne asubuhi. Dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi na Prado ndiyo ingewabeba wazazi.

"Mzee anajua?" nilimuuliza.

"Anajua linakwenda sevisi. Hii nataka iwe sapraizi, kaka. Nimechoka kuona mzee wangu anatembelea gari kama la kubebea kuku."

Alilipa nusu papo hapo. Namba yake ya simu nilichukua. Ya baba yake sikuomba, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, ingawa siku hiyo nilikiona kuwa kitu cha kawaida tu. Watoto huleta magari ya wazazi wao kila wiki.

Ilikuwa Prado ya toleo la TX, ya mwaka 2012, injini ya petroli ya 2.7, namba D, yaani namba ya usajili ambayo herufi zake zinaanza na D, kundi lililotangulia E. Kwa mbali ilionekana ya kijivu. Vumbi la barabara ya mtaani lilikuwa limeshikana na umande hadi likawa kama chokaa chini ya milango. Kwenye boneti kulikuwa na madoa meupe ya duara. Hayo nayajua: ni maji ya kisima yenye chumvi, yanayotumika kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari hapa mjini, yakiachwa yakaukie juani bila kufutwa. Rangi yote ilikuwa na mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui ukimulika tochi, kazi ya kitambaa kikavu. Ukiegesha Kariakoo, hujafika mbali kijana ameshakupangusia gari kwa tambara alilopangusia mengine ishirini kabla ya lako. Mchanga ulioko kwenye tambara ndio unaochora.

Taa za mbele zilikuwa za rangi ya chai ya rangi. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na mchubuko mrefu, wa bajaji kwa kimo chake. Na kwenye paa, juu kidogo ya kioo cha mbele, palikuwa na mabaka mawili, kila moja kama kiganja, ambapo klia ilikuwa imekufa na kuanza kubanduka.

Tulipofungua mlango tukatazamana.

Ndani palikuwa safi. Si usafi wa kupangusiwa jana kwa sababu gari linakwenda gereji. Usafi wa miaka. Kapeti halikuwa na doa, dashibodi haikuwa na ule mng'ao wa mafuta yanayopakwa kuficha uchafu, kitambaa cha siti chini ya kava kilikuwa bado na rangi yake, na harufu ilikuwa ya udi kwa mbali. Kwenye kisanduku cha dashibodi kulikuwa na daftari dogo la mkono: kila kilomita 5,000 oili na chujio, tarehe, jina la fundi, hata shinikizo la tairi. Tairi zote nne zilikuwa mpya na za kampuni moja. Chini ya injini hapakuwa na tone. Saiti mira na taa zilikuwa zimechorwa namba ya gari, kama wafanyavyo watu waliokwishaibiwa au wanaoogopa kuibiwa.

Nikawaambia wenzangu, "Huyu mzee analipenda gari lake, ila hajui kuosha."

Maelezo yote niliyoyahitaji yalikuwa mbele yangu, nami nikayasoma kinyume.

Tulichoamua na sababu zake

Kwanza tulipima unene wa rangi. Wanaoanza kazi hii hupenda kuruka hatua hii kwa sababu mteja haioni. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima (rangi ya chini kabisa) na klia, kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 140 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni sehemu ndogo tu ya hapo. Kila ukipiga polishi unaondoa kidogo, na ukishaimaliza hakuna polishi ya kuirudisha. Boneti ilisoma 115 hivi, milango mitatu 120, paa chini kidogo ya 100. Mlango wa nyuma wa kushoto ulisoma zaidi ya 300, maana yake uliwahi kunyooshwa, ukawekwa puti ya kujazia mabonde na kupakwa upya kabla ya bajaji kuugusa mara nyingine.

Tuliamua kufanya hatua mbili za polishi kwenye boneti, milango na fenda, na moja nyepesi kwenye paa, tukiyazunguka yale mabaka bila kuyagusa. Klia iliyokwisha kubanduka haipigwi polishi. Unachofanya ni kupanua kidonda. Dawa yake ni kupaka paa lote upya, na hilo sikulishauri. Mnunuzi wa Dar akikuta paa limepakwa rangi haulizi juu ya jua. Anauliza gari lilipinduka lini.

Madoa ya chumvi tuliyalainisha kwa siki iliyozimuliwa na maji, tukasuuza sana. Taa tulizipiga msasa wa maji, tukaanza na namba 800 kwa sababu njano ilikuwa imeingia, tukapanda mpaka 3000, tukamalizia kwa polishi kisha kinga ya jua. Hii ya mwisho ndiyo watu huiacha. Plastiki ya taa hutoka kiwandani na ngozi nyembamba inayozuia miale ya jua. Njano unayoiona ni ngozi hiyo imekufa. Ukiikwangua bila kuweka nyingine, taa itang'aa kwenye picha na kurudi njano baada ya miezi michache. Ndiyo hadithi ya wanaosugua taa kwa dawa ya meno.

Juu ya rangi yote tulipaka koti la seramiki, kinga ngumu inayodumu kuliko nta. Kijana alikuwa amelipia nta tu. Mimi nilimwongezea kwa hiari yangu, kwa kuwa niliona huruma kulirudisha gari lile kwenye vumbi bila kinga, na kusema kweli nilitaka picha. Nyeusi ikitoka vizuri hakuna rangi inayoifikia.

Alhamisi saa kumi jioni Prado ilikuwa kioo. Niliweza kusoma bango la duka la jirani kwenye mlango wake.

Mwenyewe alipokuja

Kijana alikuwa ameshindwa kuficha furaha yake, akamwambia baba yake aje alichukue mwenyewe. Mzee alifika kwa bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa analitazama gari.

Alilizunguka mara moja. Akagusa boneti kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima joto la pasi.

"Nani kakwambia ufanye hivi?"

Nikamweleza. Nikaanza kumwonyesha taa, nikidhani hajaziona.

"Taa sawa," akasema. "Sasa hili nitaliingizaje Kariakoo kesho?"

Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Aliomba ufunguo, akakaa kimya kidogo ndani ya gari, akaondoka. Kijana wangu mmoja wa kazi akacheka, akasema mzee amezidiwa na furaha. Nikamwambia anyamaze.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kutoka kwake mwenyewe. Ijumaa aliacha gari nyumbani, akaenda dukani kwa mwendokasi. Jumamosi harusi ilifanyika, gari likapigwa picha na kusifiwa. Kwenye ukumbi kulikuwa na wafanyabiashara wenzake, baadhi yao wauzaji wa jumla anaochukua kwao mzigo, ambao pia walikuwa wamepewa kadi za mchango wakachanga. Mmoja wao alimshika bega nje, karibu na gari, akasema, "Naona mambo yamekaa sawa, hongera." Jumatatu mtu huyohuyo akapiga simu ya deni.

Jumatano Mzee alirudi kwetu. Nilijiandaa kwa lawama. Alikuja na swali ambalo sijawahi kuulizwa kabla wala baada ya hapo:

"Hakuna dawa ya kulifubaza?"

Sababu tatu, kwa mpangilio aliozitoa

Tulikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Nilimuuliza kwa nini, na jibu la kwanza alilonipa ni lile analompa kila mtu: hana muda. Dukani anaingia alfajiri, anatoka usiku, nani akae foleni ya kuosha gari.

Nilimwambia kwamba mtu asiye na muda haandiki shinikizo la tairi kwenye daftari. Akatabasamu kidogo.

Jibu la pili lilikuwa vibaka. Aliwahi kuamka akakuta saiti mira zote mbili hazipo, na akaenda kuzinunua tena mitaa ambayo sote tunaijua, kwa bei iliyomfanya ashuku kwamba ananunua zake mwenyewe. Gari chafu, alisema, halimwiti mwizi. Hili lina ukweli nusu. Mwizi wa vipuri anajua bei ya taa ya Prado hata ikiwa imepakwa tope. Lakini nilimwelewa.

La tatu lilichukua muda.

"Kijana wangu, mimi nadaiwa. Si deni la kumkimbia mtu. Ni deni la sokoni."

Wasioijua Kariakoo: mali kauli ni kuchukua mzigo kwa neno tu, uuze, ndipo ulipe. Hakuna dhamana ya nyumba wala mkataba mrefu. Dhamana ni wewe mwenyewe, jinsi unavyojulikana, unavyoonekana, unavyopokea simu. Mzee alikuwa ameishi kwa mali kauli miaka ishirini. Prado aliinunua mwaka mzuri, kwa fedha yake taslimu. Kisha ikaja miaka miwili mibaya: mzigo mmoja ulikaa, mteja mmoja mkubwa wa mkoani akapotea na fedha, na yeye akaanza kulipa kwa mafungu.

"Mwenye mali akikuona na gari limechakaa anasema, huyu naye anahangaika kama sisi, tumvumilie. Akikuona unang'aa, anajua unang'aa kwa hela yake."

"Kwa nini usiliuze, mzee?"

"Nikiliuza Jumatatu, Jumanne soko zima linajua nimekwisha. Nani atanipa mzigo?"

Kwa hiyo hakuliuza na hakulisafisha. Prado chafu ilikuwa inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: bado nipo, na sijatanua. Ilibidi iwe Prado, na ilibidi iwe chafu. Namba D ilisaidia pia. Soko linajua kusoma herufi ya namba kuliko polisi wa barabarani, na aliyevaa namba E mpya huku anadaiwa hana pa kujitetea. Ndani, ambako mwenye mali haingii, alijiachia kulipenda gari lake jinsi alivyotaka.

Mkewe alijua. Kijana hakujua lolote kuhusu madeni, na Mzee aliniomba ibaki hivyo.

Tulichofanya baada ya hapo

Kufubaza rangi ni rahisi kuliko kuing'arisha. Msasa mmoja na dakika kumi zinatosha. Nilikataa. Badala yake nilimweleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemweleza, na ambalo mimi pia nilikuwa sijalifikiria kwa namna hiyo: vumbi kavu likikaa tu juu ya rangi haliiharibu. Kinachoiumiza rangi ni vitu vingine. Kitambaa kikavu. Kinyesi cha ndege kilichopikwa na jua mchana kutwa. Utomvu, ukiegesha chini ya mwembe. Chumvi yenye unyevu kwa walio karibu na bahari. Maji ya kisima yasiyofutwa. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo inaondoa nta yote pamoja na uchafu. Na jua lenyewe, ambalo seramiki hulipunguzia makali kidogo tu, hailizuii.

Tukakubaliana hivi. Seramiki ibaki. Gari liachwe lishike vumbi kadiri apendavyo, lakini mtu yeyote asilipanguse. Wale vijana wa maegesho awape chao wasiguse. Kila baada ya wiki mbili lisuuzwe kwa maji ya bomba yenye msukumo, bila sponji, tena usiku, nyumbani. Kinyesi cha ndege kitolewe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji. Akiwa dukani aegeshe kwenye kivuli cha ghorofa, si cha mti. Taa zibaki safi. Hapo sikumpa nafasi ya kujadiliana, kwa sababu anasafiri usiku kwenda mikoani, na hakuna deni linalolipika kwa kutoona barabara.

Alipoondoka hakuchukua lami. Alipita njia ya nyuma, ile ya vumbi, madirisha yamefungwa.

Matokeo

Alirudi baada ya miezi minne kwa ukaguzi. Kutoka nje ungeapa kwamba ni gari lile la Jumanne ya kwanza. Tulipolimwagia maji vumbi lilishuka kama pazia, nyeusi ikatokea chini yake karibu kama tulivyoiacha. Mikwaruzo mipya ilikuwepo, michache, zaidi upande wa dereva ambapo mtu fulani alishindwa kujizuia. Taa zilikuwa bado angavu. Mchubuko wa bajaji ulikuwa palepale; hataki uguswe, anasema ndio unaoongea vizuri kuliko vyote.

Mabaka ya paa yalikuwa yamekua. Kiganja kimoja sasa kilikuwa viganja viwili, na pembeni klia ilikuwa inanyanyuka kama ngozi ya kitunguu. Nilimwambia ukweli: paa hili litahitaji rangi, na siku atakayotaka kuliuza kwa amani, hilo litamkata fedha ya maana. Akauliza kama linaweza kusubiri mwaka mmoja. Nikamwambia linasubiri, ila halisimami.

Tulimfanyia kazi jioni, baada ya wateja wengine kuondoka. Hajatuletea mteja hata mmoja. Naelewa, angewaonyesha gari gani?

Uchambuzi

Nianze na tulilokosea. Tulipokea idhini ya mtu asiye mwenye gari kwa kazi ambayo mwenye gari hakuiomba. Kwenye injini kosa la namna hiyo lina madhara madogo, kwa maana hakuna anayechukia oili mpya. Kwenye mwonekano ni tofauti kabisa. Mwonekano wa gari hauko kwenye gari peke yake. Uko machoni pa jirani, mkwe, mpangaji, mwenye mali, mfanyakazi anayedai mshahara wa mwezi uliopita. Tulikuwa tumebadilisha anachosema Mzee hadharani bila kumuuliza. Simu moja ya dakika mbili ingetosha.

Kosa la pili ni la kusoma. Baada ya kisa hiki nimejizoesha kutazama magari yaliyoachwa kwa kulinganisha sehemu zake. Mtu aliyelichoka gari lake hulichoka lote: ndani kuna chupa za maji, kapeti linanuka, tairi kila moja na ukoo wake, na sevisi hakumbuki. Gari la kampuni au la mirathi ambayo haijagawanywa lina dalili yake: vitu vikubwa vinatengenezwa kwa kuchelewa na vidogo havitengenezwi kabisa, kwani hakuna ambaye kitasa kilichovunjika kinamuumiza yeye binafsi. Gari la mwenye dereva mara nyingi huwa safi mbele, chafu nyuma anakokaa bosi, au kinyume chake, na hapo unajua nani anamwogopa nani. Wapo pia wasiojua tu. Hawajawahi kuambiwa kwamba juu ya rangi kuna klia na kwamba klia inakufa. Wao wanaosha kila Jumapili kwa sabuni ya unga na tambara, wakishangaa kwa nini gari linapauka jinsi wanavyozidi kulisafisha. Hawa ni wengi na ndio wepesi kuwasaidia.

Kuna kundi lingine ninalolionea huruma, la mchubuko wa kwanza. Mtu analitunza gari kama yai miezi sita, bodaboda anapita nalo kwenye foleni, mstari mmoja mlangoni, na kuanzia siku hiyo haoshi tena. Ukimuuliza atakwambia hana muda. Si kweli, amevunjika moyo.

Prado ya Mzee haikuwa katika hao wote. Injini, tairi, taa kuchorwa namba, ndani kama msikitini: kila kilichombeba yeye na familia yake kilitunzwa, na kila kilichotazamwa na watu kiliachwa. Mstari kati ya viwili hivyo ulikuwa umenyooka mno kuwa wa bahati mbaya. Mtu anapokuwa mzembe, uzembe wake husambaa. Huu ulikuwa umekatwa kwa rula, na mimi mwenye kazi ya kutazama magari nikaupita.

Lililofanikiwa ni dogo lakini ninaona ndilo la kujifunza zaidi kiufundi. Tulitenganisha uchafu na uharibifu. Kwenye kazi yetu tumezoea kuviona kitu kimoja kwa sababu hufika pamoja. Mteja alitaka uchafu, hakutaka uharibifu. Uharibifu mwingi ulikuwa unamjia kwa njia ya tambara. Tulipoliondoa tambara, akapata alichotaka bila kulipia kwa rangi. Laiti ningemsikiliza kabla ya kushika mashine, pengine nisingepiga hatua mbili za polishi kabisa, ningeokoa maikroni ambazo zingehitajika siku atakapoamua kung'aa.

Sasa, je, mkakati wenyewe wa Mzee ulikuwa unafanya kazi? Hapa sina uhakika kama alionao yeye. Mwenye mali ana daftari. Anajua nani amelipa fungu gani na lini, na sidhani kama anahitaji kuangalia boneti ya mtu ili ajue la kufanya. Ile simu ya Jumatatu huenda ingepigwa hata kama Mzee angefika harusini kwa bajaji. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Tena kadi ya mchango kumfikia mtu anayekudai inasema mengi kuliko gari. Lakini nikikumbuka "naona mambo yamekaa sawa", na mkono begani, siwezi kusema hofu yake ilikuwa ya bure. Soko linalokopesha kwa neno lazima lisome watu kwa macho. Mdaiwa hana hati nyingine ya kuwasilisha.

Gharama yake ipo kwenye paa. Alipanga kuficha kwa miezi michache, deni likachukua miaka, na jua halikuwa na taarifa. Kama angelipaka kinga mwanzoni, kabla klia haijafa, angeweza kuwa mchafu kwa gharama ndogo zaidi. Hakuna fundi aliyewahi kumwambia hivyo, kwa kuwa sote tunauza mng'ao na hatujui kumwuzia mtu asiyeutaka.

Kwenye fomu yetu ya kupokea gari sasa kuna mistari miwili mipya: simu ya mwenye gari, kama si aliyelileta, na swali, "Unataka watu walione gari hili vipi?" Wengi hucheka wakilisoma, kisha wanaandika "kama jipya". Mwezi uliopita mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha aliandika, "Ndani tu. Nje liache."

Limebaki jambo la Kijana. Alinifuata wiki moja baada ya harusi, ameudhika. Baba yake hamsemeshi vizuri, gari limeshakuwa jivu tena, na yeye anaamini tulimpakia kitu cha bei rahisi kilichokwisha siku tatu. Alitaka nusu ya fedha yake. Sikuweza kumwambia kwamba kinga ipo palepale chini ya vumbi, wala kwa nini baba yake hataki vumbi hilo litoke. Nilimrudishia nusu, akaondoka akiamini nimekiri kosa, na huko mtaani kwao jina letu ndilo hilo mpaka leo.